Funga Hesabu ya Moyo Kabla Hujalala: Mwongozo wa Muhasaba wa Robo Saa

Nina duka la vyakula Ngamiani, Tanga. Kila jioni, kabla sijafunga mlango, nafungua kaunta buku, nahesabu mauzo, natoa matumizi, kisha naandika waliokopa: sukari nusu, unga kilo mbili, mafuta ya mia tano. Ni miaka kumi na saba sasa, na sikumbuki siku niliyolala bila kujua duka limeingiza nini na limetoa nini. Lakini moyo wangu sikuwahi kuufungia hesabu hata usiku mmoja, wala sikujua kama jambo hilo lipo, mpaka mwaka ule mwenzangu wa biashara alipoondoka na pesa ya mzigo.

Tulichanga mtaji wa mchele. Akaenda kuufuata mzigo, hakurudi, simu haipatikani. Pesa iliniuma, sitasema uongo. Ila kilichonimaliza hasa ni usiku. Nalala saa nne, saa nane niko macho makavu, natunga maneno ya kumwambia siku nikimwona. Najibizana naye gizani, namshinda, kisha naanza upya. Asubuhi naamka hoi kama niliyepakua magunia. Hali hiyo ilikwenda miezi mitano.

Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenisomesha Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani, chuoni kwake nikiwa mdogo, alipita dukani kununua nazi akanikuta nafunga hesabu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho yameingia ndani?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na kwa wanaomjua hilo si jambo dogo. Kisha akaligonga lile daftari kwa kidole.

"Duka unalifungia hesabu kila siku. Moyo umeufungia lini?"

Alichonifundisha baada ya hapo kinaitwa muhasaba, yaani mtu kujihesabu mwenyewe. Si kitu kipya. Kuna kauli mashuhuri inayonasibishwa na Umar bin Khattab, khalifa wa pili wa Waislamu: jihesabuni kabla hamjahesabiwa. Aliyeipanga kazi hii hatua kwa hatua ni Imam Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu, na napenda kumtaja kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kuzimika. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkuu wa chuo cha Nizamiyya, Baghdad, ana wanafunzi 300 na jina linalojulikana mashariki na magharibi. Siku moja ulimi ukafungika. Anataka kusomesha, neno halitoki. Chakula kikawa hakipiti kooni, hata mchuzi. Matabibu wakampima, wakasema ugonjwa umeanzia moyoni ndipo ukashuka mwilini, na hautapona mpaka moyo upumzike. Akaacha cheo, akaenda Damascus, akawa anapanda mnara wa msikiti na kujifungia humo kutwa.

Sisi hatuna mnara. Tuna watoto, duka na marejesho ya kikoba. Kwa hiyo nitakayoeleza hapa ni yale yanayoingia katika robo saa, chumbani, baada ya Isha. Mwongozo huu ni wa Kiislamu kwa kuwa mimi ni Mwislamu, lakini jirani yangu Mkatoliki aliponisikia alicheka: kumbe na wao wanayo. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliwafundisha watu wake kuchunguza dhamiri mchana na jioni. Kila mtu na ashike kamba ya kwao.

Vya kuandaa

Daftari la bei rahisi na kalamu. Usitumie simu. Nilijaribu kuandika kwenye simu, dakika ya tatu nikajikuta naangalia bei ya vitunguu kwenye kundi la wafanyabiashara. Tafuta pembe moja ya nyumba na uizoee hiyo hiyo. Mimi nakaa juu ya mkeka, mgongo umeegemea kabati, watoto wakiwa wamelala. Kina mama, msiache siku za udhuru, yaani za hedhi: usiyesali unaweza kuleta dhikiri (maneno ya kumkumbuka Mungu), kuomba dua na kuandika kama kawaida, na pengine siku hizo ndizo moyo unapohitaji zaidi.

Hatua ya 1: Weka sharti asubuhi

Hesabu ya jioni huanzia asubuhi. Ghazali anaifananisha nafsi na mwenza wa biashara: huwezi kumpa mtaji halafu usimwekee masharti. Mtaji wenyewe ni siku yako. Yeye alitaka mtu avisimamie viungo saba: jicho, sikio, ulimi, tumbo, utupu, mkono na mguu. Shangazi akaniambia kwa mtu aliyechoka viungo saba ni vingi, nichague kimoja, tena sharti moja tu lenye mipaka.

"Leo nitakuwa mtu mwema" si sharti, huwezi kulihesabia jioni. "Leo mteja wa kwanza atakayerudisha bidhaa sitamjibu kwa ukali," hilo linahesabika. Litamke kwa mdomo baada ya sala ya alfajiri, ulisikie mwenyewe.

Hatua ya 2: Jichunge mchana

Hapa sina mengi. Wataalamu wanaiita muraqaba na wameiandikia kurasa nyingi. Kwa mtu wa dukani ni hivi: kabla ya kujibu, vuta pumzi moja. Ukisahau, umesahau, endelea na kazi. Usitembee siku nzima unajipeleleza kama askari, utachanganyikiwa.

Hatua ya 3: Tuliza mwili kwa dhikiri

Usiku, usikimbilie kuandika. Ukiandika ukiwa bado una joto la mchana, utaandika matusi. Kaa kwanza.

Mimi natumia tasbihi ya Bibi Fatma. Kisa chake kinanipendeza kwa sababu ni cha mwanamke aliyechoka kazi za mikono. Mikono yake ilikuwa imeharibika kwa jiwe la kusagia, akaenda kwa baba yake, Mtume Muhammad (s.a.w.), kuomba mtumishi. Hakupewa mtumishi. Yeye na mumewe Ali wakafundishwa kusema wanapokwenda kulala Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33, Allahu Akbar mara 34, wakaambiwa kwamba hilo ni bora kwao kuliko mtumishi. Nilipokuwa mdogo nilidhani Bibi Fatma alipunjwa. Siku hizi nikirudi kutoka dukani nimevimba miguu, naona nilichokosa kukiona.

Hesabu kwa vifundo vya vidole: kila kidole kina vitatu, mikono miwili ni 30, ongeza vitatu. Vidole vinasaidia kuliko shanga, kwa sababu ngozi inagusana na ngozi na akili ina pa kushika. Neno moja kwa pumzi moja inayotoka. Usilikimbize kama anayehesabu mifuko ya saruji bandarini. Mara kumi na tano za mwanzo akili itakuwa bado dukani, na huo ni mwendo wake. Huna haja ya kuifukuza, utakapoona imeondoka irudishe kwenye kifundo ulichoachia. Karibu na Allahu Akbar ya ishirini hivi, mabega yangu hushuka yenyewe. Sikujua kama nilikuwa nimeyapandisha.

Walio karibu na msikiti au nyumba inayosomwa Ratib al-Haddad wana bahati. Uradi huo ulipangwa na Imam Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1720, na mpaka leo pwani yetu unasomwa kwa sauti ya pamoja. Kusoma na watu kuna nguvu ambayo mtu peke yake chumbani haipati. Ila wengi wetu usiku hatutoki, na Surat Ar-Raad aya ya 28 haikutaja jengo iliposema kwamba kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu nyoyo hutulia.

Hatua ya 4: Tenga mtaji na riba

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na kama una usingizi mkali sana ruka nyingine zote ufanye hii.

Piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika MTAJI, kulia andika RIBA. Majina haya ni yangu, hutayakuta kwenye kitabu. Chini ya mtaji andika kilichokupata kweli, kwa maneno ambayo shahidi aliyekuwapo angeweza kuyaapia. Chini ya riba andika kila ulichojiongezea juu yake.

Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa hivi. Kushoto: "Pesa ya mzigo wa mchele imepotea. Mtu niliyefanya naye kazi miaka minane amenidanganya." Mistari miwili, basi. Kulia: "Watu wananicheka. Mimi ni mjinga. Mume wangu ananiona mjinga, hasemi tu. Sitamwamini mtu tena. Biashara imekwisha. Wanangu watafukuzwa shule. Mungu ameniacha. Lau ningekwenda mwenyewe. Lau ningemsikiliza mama." Mistari tisa.

Niliiangalia ile karatasi kama ninavyoangalia deni la mteja lililozidi. Hakuna shahidi angeapia mstari hata mmoja wa kulia. Mume wangu kuniona mjinga? Hakusema. Wanangu kufukuzwa shule? Ada ya muhula ilikuwa imelipwa. Riba tumekatazwa kutozana sisi kwa sisi, na mtu akinitaka nimlipe riba sokoni nitapiga kelele mpaka mtaa ujae. Usiku, peke yangu, nilikuwa najitoza mwenyewe, na mtaji haupungui hata senti.

Usibishane na safu ya riba. Ukianza kuijibu mstari kwa mstari utarudi kwenye majibizano yale yale ya saa nane. Iandike yote, hata ya aibu, piga mstari chini yake, andika idadi. Tisa. Kesho usiku andika tena. Baada ya wiki mbili utaona mdaiwa sugu ni yupi. Wangu alikuwa "watu wananicheka". Basi nikamfuata. Niliwauliza wateja watatu ninaowaamini kama wamesikia habari ya mchele. Wawili hawakuwa na habari. Wa tatu akashika kiuno, akaniambia na yeye aliwahi kutapeliwa kiwanja, akanisimulia nusu saa nzima huku foleni ikisubiri.

Kuhusu "lau": mistari inayoanza na neno hilo, au "ningejua", ina dawa yake maalumu. Katika Hadithi iliyomo kwenye mkusanyo wa Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) anasema: pupia linalokufaa, mtake Mwenyezi Mungu msaada, wala usilegee, likikufika jambo, usiseme "lau ningefanya hivi ingekuwa hivi na hivi", bali sema ni kadari ya Mwenyezi Mungu na alilotaka amelifanya, kwani "lau" hufungua kazi ya shetani. Angalia mpangilio wake. Pupa imetangulia, kadari imekuja baada ya jambo kwisha kutokea. Watu wetu mara nyingi wanaugeuza: kadari wanaitaja kabla ya kufanya kazi, na "lau" wanaiweka baada. Mbele ya kila "lau" mimi huandika "qadarallah" na siigusi tena.

Kisha pitia tena safu zote mbili, kila mstari uuwekee alama: J kama ni wa jana, K kama ni wa kesho. Hili nimelitoa kwenye dua ambayo Anas bin Malik alimsikia Mtume akiiomba mara kwa mara: *Allahumma inni audhu bika minal-hammi wal-hazan.* Kwa Kiswahili cha leo hamu ni shauku, mtu ana hamu ya pilau. Katika dua hii wanavyuoni huieleza *hamm* kuwa ni dhiki ya linalokuja, na *hazan*, ambayo ndiyo huzuni yetu, ni ya lililopita. Dua inaendelea kuomba kinga dhidi ya kushindwa na uvivu, ubahili na woga, kisha mzigo wa deni na kuonewa na watu. Siku ya kwanza niliposikia maana yake nilidhani imetungwa kwa ajili yangu. Jana na kesho zinatibiwa tofauti, ndiyo maana ya kuzitenga. Ya kesho inakwenda hatua ya 5. Ya jana inakwenda ya 6.

Hatua ya 5: Mfunge ngamia

Chukua mstari wenye K unaokuuma kuliko yote, uandikie kitendo kimoja cha kesho chenye saa yake. Mtu mmoja alimuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kamba amtegemee Mungu. Akaambiwa: mfunge, kisha tegemea. "Saa tatu asubuhi nimpigie mwenye ghala niombe mchele kwa mkopo, gunia mbili." Ukishaandika, kamba imefungwa. Kumfikiria ngamia usiku kucha hakumzidishii kamba.

Ikiwa mstari wa K hauna kitendo chochote unachoweza kukifanya, andika "si wangu" na upite. Mwanzoni hili ni gumu sana kuliandika, mkono unagoma.

Hatua ya 6: Yenye J, yahuzunikie

Nilidhani subira ni kukaza uso. Ndivyo tulivyolelewa: jikaze, usilie, utamkufuru Mungu. Shangazi alinigombeza kwa hilo kuliko kwa jambo lolote.

"Nabii Yaaqub alikuwa na subira au hakuwa nayo?"

"Alikuwa nayo, shangazi."

"Na macho yake yalifanya nini?"

Yaligeuka meupe kwa huzuni ya Yusuf, imo katika sura yenye jina la mwanawe, aya ya 84. Na aya mbili mbele anasema kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake na huzuni yake. Akashitaki, na akabaki mwenye subira. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, alitokwa na machozi, akaulizwa hata wewe? Akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu.

Kwa hiyo hapa weka kalamu chini, inua mikono, umwambie Mungu hilo la jana kwa Kiswahili chako, kama unavyomwambia mtu wa nyumbani. Si lazima Kiarabu. Machozi yakija yaache. Yasipokuja usiyalazimishe. Wakati mwingine natoa sentensi moja tu: "Ya Rabbi, imeniuma." Dakika mbili, tatu zinatosha.

Kuna mitaji mizito, na hapa lazima niseme wazi. Pesa ya mchele ni pesa. Jirani yangu aliyefiwa na mtoto alikaa na daftari lake wiki mbili akiandika kushoto jina la mtoto tu, kila usiku, kulia hana kitu. Sikumwambia atafute riba. Huzuni yake yote ilikuwa mtaji, na mtaji haufutwi kwa kalamu. Alichopata, anasema, ni mahali pa kuiweka kwa robo saa ili aweze kupika.

Na ikiwa zaidi ya wiki mbili mfululizo huna raha na chochote, chakula hakipandi, usingizi umekukimbia au unalala kutwa, au yanakujia mawazo ya kutaka kufa, hiyo inaweza kuwa sonona. Nenda hospitali, hospitali ya rufaa ya mkoa ndiko pa kuulizia huduma ya afya ya akili. Yakikujia mawazo ya kufa usisubiri asubuhi wala usikae peke yako, mwamshe mtu. Ghazali, pamoja na elimu yake yote, alipimwa na matabibu. Atakayekuambia kumeza dawa ni upungufu wa imani, muulize miwani yake anaivaa ya nini.

Hatua ya 7: Madeni ya watu

Hii si ya kila usiku. Mimi huifanya Alhamisi, usiku wa kuamkia Ijumaa.

Wengi wamekwama hapa kwa kuwa wanadhani kusamehe ni kusema hakuna kilichotokea. Dukani deni lina vitu viwili: kiasi, na kisirani ninachokuwa nacho nikimwona mdaiwa akipita upande wa pili wa barabara. Kiasi ni haki yangu. Nina maandishi, nina mashahidi wawili, na nimempelekea habari kupitia ndugu yake kwamba bado nadai. Surat Al-Baqara aya ya 280 inanitaka nimpe muda aliye na shida mpaka apate wepesi, na kwamba kusamehe deni ni bora kwangu. Bora, haikusema lazima. Hilo la pili bado sijaliweza na silificha.

Kisirani ndicho ninachokifuta, kwa sababu hicho kinakaa kwangu, hakikai kwake. Njia niliyofundishwa ni kavu, haina hisia: andika jina lake, mwombee kitu kimoja ambacho ungependa ukipate wewe. Si "Mungu amwongoze", hiyo mara nyingi ni tusi lililovaa kanzu. Mwombee afya. Mwombee watoto wake. Alhamisi ya kwanza nilisema huku meno yamebana, na nilisema nusu nikaacha. Nadhani ilikuwa Alhamisi ya tisa au ya kumi niliposema yote na nikagundua nafikiria kama nimezima jiko.

Na upande wa pili wa daftari usiusahau: wanaokudai wewe. Mwaka jana nilipokuwa naandika alivyonifanyia mwenzangu, likanijia jina la msichana aliyekuwa akinisaidia dukani, niliyemkata mshahara kwa chupa za soda zilizovunjika ambazo nilikuja kujua hakuzivunja yeye. Nilimtafuta, nikamrudishia. Usiku ule nililala mapema, saa tatu na nusu.

Hatua ya 8: Malizia kwa shukrani moja

Moja, na iwe ya leo, na iwe na umbo. "Alhamdulillah kwa kila kitu" ni dua nzuri lakini si ya daftari. "Alhamdulillah mvua imenyesha baada ya kumaliza kuingiza magunia" ndiyo ninayoitaka. Kisha rejea lile sharti la asubuhi: ulilitimiza? Ndiyo au hapana, neno moja. Funga daftari.

Panapoharibika

Kosa la kwanza ni kuifanya hesabu kuwa bakora. Katika mpango wa Ghazali kuna hatua ya kuiadhibu nafsi ikivunja sharti, na vitabu vimejaa visa vya wachamungu waliojikalifisha sana. Shangazi alinikataza. Alisema mtu ambaye tayari anajichapa hahitaji fimbo ya pili, na kama ni lazima kuwe na faini basi toa sadaka ya mia tano au fagia mbele ya jirani. Ukiona daftari limeanza kuwa orodha ya ubaya wako, funga, fanya dhikiri tu kwa siku tatu.

La pili ni kurefusha. Robo saa ikifika, acha hata kama umefika katikati. Hesabu ndefu ni majibizano yaliyorudi kwa mlango wa uani.

Ukikosa usiku mmoja, usiulipe. Hii si funga ya Ramadhani. Nimewahi kukosa wiki tatu wakati wa harusi ya mdogo wangu, na niliporudi sikuandika lolote la nyuma.

Wengine huuliza itachukua muda gani. Mimi usingizi ulirudi baada ya siku arobaini na kitu, kwa vipande: kwanza mpaka saa tisa, halafu mpaka adhana. Uchungu ulichukua zaidi ya mwaka, na kuna siku nasikia harufu ya gunia jipya la mchele nikashtuka. Siandiki tena kila usiku. Nafanya dhikiri kila usiku, na daftari nalifungua moyo ukianza kupandisha bei.

Daftari likijaa

Usiliweke. Lina siri zako na za watu, na lina majina ya Mwenyezi Mungu, kwa hiyo pia usilitupe jalalani, wala lisiingie kwenye karatasi za kufungia maandazi. Mimi nayachoma mwisho wa Shaaban, kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, kwenye jiko la mkaa uani, kurasa chache chache ili zisiruke.

Mwaka wa pili lilibaki nusu halijaandikwa, nikaona hasara kuchoma karatasi nzima. Nikachana zilizoandikwa, nusu iliyobaki nikampa mwanangu wa darasa la tano afanyie hesabu. Baada ya siku mbili akaja dukani nalo mkononi. Kulikuwa na ukurasa mmoja ulionipita, umegandana na mwingine. Alikuwa ameusoma wote, kwa sauti, kidole chini ya kila neno.

"Mama, hapa umeandika watu wananicheka. Kina nani?"

Nikasimamisha kupima sukari. Nikafikiri, nikafikiri tena. Sikumpata hata mmoja. Nikamwambia auchane ukurasa huo, aniletee na kiberiti.